Mama Ameshika Tama

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
Jumapili, baada ya ibada, mvua haijakatika

Mdogo wangu mpendwa Tulia,

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya ukoo mzima, majirani wa Bagamoyo na sauti ya pili ya kwaya, napenda kukutangazia rasmi kwamba mashavu yangu, ambayo hayakuonekana kwa muda mrefu, yamepatikana. Yako mahali pake, yote mawili, na mwenye nayo anashukuru kwa maombi yenu. Wanaotaka kuyaona wanakaribishwa nyumbani, ila waje na kuni kavu.

Baada ya tangazo hilo, nikusalimu kwa kwetu: ugonile? Natumaini mmeamka salama huko Dodoma, wewe na shemeji Obed, na kwamba jua lenu bado linakausha shuka kabla chai haijapoa. Sisi huku tunaanua nguo zikiwa na maji yaleyale tuliyozianika nayo. Mimi sijambo, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule unaoamka nao, mnafunga kanga pamoja, mnaongozana jikoni.

Kila ukipiga simu unaniuliza hali ya mama, nami nakujibu nzuri. Leo nakujibu kweli. Hali ya mama ndiyo hiyo: hali. Ndizi hali, kande hali, uji anaonja kijiko akageuza uso. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu katika lile kundi letu la simu huwezi kukohoa bila kaka Edward kukujibu kwa vikono vya kuomba. Barua anakuletea Nelson, anayepeleka parachichi huko kwenu. Bahasha nimeishona kwa cherehani, kwa sababu Nelson namfahamu.

Nianze na mashavu, maana ndiyo yaliyoleta yote. Unakumbuka nilivyokuwa na uso kama andazi. Sijui lini hasa ulianza kuniacha. Ninachojua ni kwamba watu walianza kunipa pole. Napita sokoni, muuza magimbi ananiambia pole, mama. Namuuliza pole ya nini, anasema basi tu, pole. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima. Nikamjibu nimepima, na kiuno chake kimeongezeka, aache kujidanganya. Mzee wa kanisa Ambindwile, bila kuniuliza, akaniingiza kwenye maombi ya wagonjwa, kati ya mzee wa kiharusi na kijana aliyeanguka na bodaboda. Nikainamisha kichwa nikajiombea pamoja na wenzangu, nisiharibu utaratibu.

Sasa mwanangu Lusungu, kama ujuavyo, anakaa mapokezi kwenye kliniki ya urembo Dar es Salaam, na harusi yake imekaribia. Akaniambia, mama, katika picha za harusi utaonekana kama umeazimwa wodini. Akasema wao pale wanarudisha mashavu, na ndugu za wafanyakazi wanapunguziwa. Nikamwambia mashavu ya mtu hayarudishwi, si ng'ombe. Akasema njoo uone. Nikamwacha mama na Atupakisye, yule mjane wa nyumba ya nyuma anayenisaidia kumwogesha, nikapanda basi.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye uso usio na kosa hata moja, ukimtazama unajisikia una deni. Akaniketisha mbele ya taa, akanieleza kwamba chini ya ngozi ya shavu kuna vifuko vya mafuta, na umri ukienda vifuko hivyo hupungua na kuporomoka, na mfupa wenyewe nao hurudi nyuma kidogo. Ngozi inabaki haina cha kuegemea. Ndiyo maana macho yanakuwa na mashimo na mikunjo inashuka puani hadi mdomoni. Alidhani atanieleza mchana kutwa. Nikamwambia hayo nayajua, ni bega la koti. Koti likilala begani, fundi mbaya analivuta likazidi kujipinda. Fundi mwenye akili anatia pedi kwa ndani. Akacheka, akasema na yeye anatia pedi.

Pedi yenyewe ni ute mzito mweupe kama uji wa muhogo uliopoa, unaingizwa kwa sindano mpaka juu ya mfupa, kidogo kidogo, na daktari anausukuma kwa kidole kama unavyokanda unga. Haikuuma kama nilivyotamani, maana nilikuwa nimejiandaa kuwasimulia. Akasema ute huo hukaa mwaka mmoja hivi, pengine zaidi, halafu mwili unaumeza taratibu. Na anayeujutia ipo sindano nyingine ya kuuyeyusha. Kisha akanipa kioo. Tulia, nikamwona Hellen wa zamani, yule wa kabla ya msiba wa baba Lusungu na kabla ya mama kuugua. Amenenepa, ananishangaa. Nikataka nimpe pole, maana hajui yanayokuja.

Nilirudi Tukuyu na mashavu yangu nimeyafunika kanga, yasipate baridi. Ya mtaani ni machache. Muuza magimbi aliniambia hongera, nikajua anadhani nina mimba. Atupakisye alinizunguka kama anayenunua mbuzi, akasema, Mama Lusungu, kumbe na mashavu siku hizi yanatoka mjini, basi mimi uniletee makalio. Mzee Ambindwile alitoa ushuhuda kanisani kwamba maombi yamejibiwa. Sikumsahihisha. Mtu mzima akifurahi kanisani, mwache.

Lakini mama, nilipoingia chumbani kwake, alinitazama, akanitazama tena, kisha akageukia ukutani. Akaweka kiganja shavuni, akashika tama, akaanza kuita, "Juuba! Juuba!" Anamwita mama yake, bibi yetu wa Kisiba, aliyezikwa wewe ukiwa hujaanza shule. Tangu hapo ndivyo alivyo. Usiku ameshika tama, mchana ameshika tama. Nikimletea chakula ananiangalia mimi, anajishika shavu lake, machozi yanamtoka. Unakumbuka alivyokuwa akitupiga viganja tukishika tama, akisema tunauita msiba uingie ndani? Leo ameuita yeye, na ameketi anausubiri.

Majirani wamekuja kwa zamu. Mama Erasto anasema mzee akishika tama hivyo ameshaona aliyemfuata, tuanze kutafuta maturubai. Mzee Ambindwile amekuja na kitabu cha nyimbo, akachagua ule wa safari ya mwisho, nikamwomba aanze na wa mavuno. Atupakisye, ambaye hana kizuizi mdomoni, aliniambia jikoni, nyungu ikiwa bado motoni, kwamba bibi wa watu analia msiba, na aliyeua ni mimi. Alisema kwa utani. Lakini sikucheka, kwa sababu mimi najua msiba wenyewe ni wa nani, na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza, nikawa nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulia, mama hanijui. Ni muda mrefu sasa hanijui. Mashavu yangu yalipozama, nilifanana na bibi. Yale mashavu yaliyodidimia kama ziwa Kisiba, macho yakabaki juu kwenye kingo, ndiyo nilikuwa nayo. Asubuhi moja mama aliamka akaniita juuba, akaniomba ruhusa ya kwenda mtoni. Nilimsahihisha, akalia. Kesho yake sikumsahihisha, akala bakuli zima la ndizi. Basi nikawa bibi. Nikimwambia mwanangu oga, anaoga. Nikimwambia mwanangu meza dawa, anameza. Nimekuwa mama wa mama yangu, na kazi hiyo naiweza, ila hakuna aliyebaki wa kuniita mimi mwanangu.

Hata hilo ningelibeba. Lakini jioni moja, nikimkata kucha, aliniuliza Hellen yuko wapi. Aliniuliza mimi. Akasema yule mtoto ana moyo mgumu, haji hata kumjulia hali, afadhali Tulia anakuja kila siku. Wewe, Tulia, ambaye mara ya mwisho kukanyaga huku ulikuja na Obed mkaondoka kabla maharage hayajaiva. Nikaendelea kukata kucha. Nilikata moja fupi mno.

Kwa hiyo sikwenda Dar kwa ajili ya picha za harusi, na sikwenda kwa ajili ya pole za sokoni, hizo nilishazizoea. Nilikwenda kuurudisha uso ule anaoujua. Nilitaka mama aamke asubuhi moja, anione, aseme, eh, Hellen, umekuja. Basi. Mara moja ingetosha, halafu mashavu yayeyuke yakitaka. Badala yake nimemwondolea mama yake, na Hellen hajaja.

Nimewaza kwenda kuchomwa ile sindano ya kuyeyusha. Lusungu analia kwenye simu, anasema harusi je? Nimechoka kuwaza, mdogo wangu, ndipo nikaitoa ile picha yako ya Krismasi, nikaikuza kwa vidole. Usinikasirikie. Mashavu yako yameanza kushuka. Upande wa kushoto umeshazama vizuri kabisa. Wengine wangekupa pole. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu.

Nakuomba uje. Usipake kitu usoni. Funga kitambaa cheusi kichwani, kipite juu ya masikio kama bibi, keti ukingoni mwa kitanda, mwambie, mwanangu, kula. Hutahitaji kujua zaidi ya hapo. Anayesema wewe huja kila siku anastahili uje siku moja.

Msalimie shemeji Obed, mwambie suruali yake niliyoipanua bado iko hapa, na kama amenenepa tena asiniambie. Wasalimie watoto na jua lenu. Atupakisye anakusalimu, anasema ukija uje na chumvi ya kwenu, ingawa nimemwambia chumvi ni moja. Mungu akulinde njiani, kama njia utaishika.

Ni mimi dada yako, mwenye mashavu,
Hellen

Nyongeza, Jumanne.

Mvua ilimzuia Nelson, nami nimefumua bahasha. Jana Atupakisye alipokuwa akimnawisha mama uso, mama alimzaba kofi. Atupakisye hakukasirika, alimfungua mdomo kwa nguvu, akamulika kwa simu, akaniita nije nimwangalie marehemu ninayemlilia. Tumempeleka hospitali, wamemng'oa. Jioni amekula ndizi na maziwa ya mgando, akalamba kijiko, akanishukuru, ndaga, juuba, akanitazama mashavu haya haya usoni na kuniuliza kwa nini Hellen haji.

Kuhusu safari, fanya utakavyoona.

Lilikuwa jino.