Uzi wa Naseem

Sonkheda,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Sulochana,

Shikamoo Dada. Naishika miguu yako kutoka huku mbali, na namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto. Goti linaendeleaje? Uliandika kwamba daktari wa huko Nagpur amekukataza kukaa chini, nikacheka peke yangu, maana sijui chapati sasa unazisukumia wapi. Shemeji naye apunguze sukari kwenye chai, asijifanye hajui alichoambiwa. Sisi huku hatujambo. Pramila mzima, watoto wanasoma, mvua imetupiga mpaka jikoni tunakinga maji kwa sufuria. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili.

Uzi wako wa rakhi wa kunifunga mkononi ulifika salama kwa posta kabla ya sikukuu, pamoja na zile punje za mchele na unga mwekundu wa kunipaka kwenye paji la uso. Ahsante sana. Najua ulitegemea nikujibu siku ileile kama kila mwaka, na sasa mwezi umekatika na ushei. Umepiga simu, Pramila akakuambia nipo kikaoni. Uongo. Nilikuwa nimekaa hapohapo kando yake, nampungia mkono akatae. Ungenisikia sauti tu ungejua kuna jambo, nami sikuwa tayari kuulizwa.

Habari za ushindi umezisikia, ila shangwe yenyewe hukuiona. Lo! Ngoma zilipigwa tangu kituo cha kuhesabia kura mpaka mlangoni petu, nikabebwa juujuu kama gunia la vitunguu, nikavishwa mashada ya maua hadi Pramila akasema anachokiona kwa mumewe ni pua tu. Mzee Lokhande wa duka la dawa, yule aliyetangaza kwamba sitapata hata kura ya mke wangu, alikuja na ladu tamu akanilisha kwa mkono wake. Nikamwuliza kura ya mke wangu aliichungulia saa ngapi, watu wakavunjika mbavu. Siku ile nilikuwa mtamu wa maneno, Dada. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Tuliingia kwa neno moja, unalijua: utamaduni wetu kwanza. Basi wakubwa wa chama wakanipa uenyekiti wa kamati ya kulinda utamaduni hapa mjini. Usicheke. Tulianza na keki. Tukapiga marufuku keki na mishumaa shuleni, mtoto akifikia siku yake ya kuzaliwa awashiwe taa ya samli na abarikiwe kama tulivyobarikiwa sisi. Wiki hiyohiyo ikawa siku ya kuzaliwa ya mwanangu Ishaan, akalia kilio cha msiba, mpaka Pramila akamnunulia keki tukaila chumbani, madirisha yote tumefunga. Diwani mzima nimejificha na kijiko! Niliona ni kichekesho tu.

Lakini usidhani yote niliyasema kwa ajili ya kura. Watoto wetu hawazijui nyimbo za mvua ambazo mama alikuwa akituimbia. Wanaona haya kula kwa mkono mbele ya wageni. Nchi yetu ilihangaika sana mpaka ikawa yetu, na niliamini, na hata sasa naamini, kwamba tusipoangalia tutabaki watu wa kuazima kila kitu, hata namna ya kufurahi. Hilo nililisema kwa moyo wangu wote.

Katibu wa kamati ni Omkar, mkwe wa mzee Tripathi wa kinu cha mafuta. Ana kasi, ana simu mbili, na usingizi hana. Yeye ndiye aliyekuja na wazo la kuifanya sikukuu ya rakhi hadharani, kwenye uwanja wa manispaa. Dada zetu wa mji mzima wapande jukwaani, wamfunge diwani uzi, picha zipigwe, nchi ione. Akasema langoni ataweka vijana wa kuangalia, waingie akina mama wa kwetu tu. Nikamwuliza wa kwetu maana yake akina nani. Akacheka, akasema, "Mheshimiwa nawe kwa utani!" Nami nikacheka. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, Dada, nami nikacheka.

Maana wewe unajua kwangu siku ya rakhi huanzaje. Mama alipokuwa hoi kwa homa ya uzazi na maziwa yamekauka, ni wewe uliyenibeba ukavuka mtaro ukaenda kunipokeza kwa Mama Khairun, ambaye naye alikuwa na Naseem mchanga kifuani. Tulinyonya pamoja miezi na miezi, mimi mtoto wa Pathak, Mhindu, na yule binti wa Mwislamu mtarizi. Na tangu Naseem alipojua kufunga fundo hajakosa mwaka hata mmoja. Uzi anausuka mwenyewe kwa nyuzi za dhahabu za kazi yake. Anafika alfajiri na chombo cha tambi za maziwa, mimi sijatia kitu mdomoni, ananifunga, ananilisha, ananitukana kidogo kwa kunenepa, ndipo siku yangu inaanza. Uzi wako wa posta hufuata baada ya wake. Hata wewe ulishakubali kuwa wa pili.

Mwaka huu, jua halijatoka vizuri, Omkar alikuwa nje anapiga honi. Pramila akaniambia nimsubiri wifi yake, hachelewi. Nikamjibu kwamba watu wananingoja, Naseem nitamwona jioni. Pramila akanitazama, akasema, "Jioni? Na mpaka jioni utakuwa unakula upepo?" Nikamwambia anifunge huo uzi wako wa posta haraka nile andazi niondoke. Akanifunga.

Uwanja ulijaa pomoni. Jukwaa limepambwa maua ya njano, kipaza sauti mbele yangu, wapiga picha chini. Akina mama wanapanda kwa foleni, kila mmoja na uzi wake, mkono wangu ukajaa nyuzi mpaka kwenye kiwiko. Watu wa Kichochoro cha Watarizi, majirani zake Naseem, walikuwa wamesimama nje ya uzio wanatazama, kama wanavyotazama kila sherehe tangu tukiwa watoto. Nilikuwa nahutubia. Nasema kwamba uzi huu ndio India yenyewe, kwamba mtu anakufunga mkononi na tangu saa hiyo ni dada yako, na atakayemgusa amekugusa wewe. Nilipigiwa makofi marefu.

Makofi hayajaisha, Omkar akapanda akaniinamia sikioni. Akasema kuna mama mmoja wa baibui langoni, king'ang'anizi, anadai yeye ni dada yangu na kila mwaka ndiye wa kwanza, vijana wamemwambia aache mzaha lakini haondoki. Akauliza, "Unamfahamu, Mheshimiwa?" Nikainua macho. Naseem alikuwa amesimama pale langoni, baibui limelowa kwa manyunyu, chombo cha tambi amekikumbatia. Aliponiona namtazama akatabasamu. Akawageukia wale vijana, kama anayewaambia, haya, mmeona?

Dada, nimejaribu kuandika sentensi hii mara nyingi. Nilisema simfahamu. Nilisema, "Simfahamu huyo. Labda ana shida, mwambie aje ofisini Jumatatu." Na kipaza sauti kilikuwa wazi mbele ya mdomo wangu. Maneno yale yalitoka kwenye spika zote, yakasikika uwanja mzima, yakasikika nje ya uzio na mpaka sokoni. Naseem alishusha ushungi usoni, akageuka akaenda na chombo chake. Mama mwingine akapanda ngazi, nami nikamnyooshea mkono.

Kwa nini? Usiniulize kana kwamba nina jibu zuri. Hakuna aliyenishikia kisu. Niliona kamera, nikamwona Omkar na ule uso wake wa kungoja, nikawaza watasema nini. Basi. Nilimuuza ndugu yangu kwa kuogopa kunong'onwa.

Jioni sikwenda. Wala kesho yake. Pramila alinikata zile nyuzi zote kwa mkasi, akauacha mmoja tu, wako, ule mwekundu wenye shanga nyeupe, akasema huu angalau umetoka kwa mtu anayekujua. Tangu hapo analala chumbani kwa watoto. Barabarani nikikutana na watu wa kichochoro najitia hamnazo, nasoma vibao vya maduka kama mgeni.

Wiki iliyopita Mama Khairun akatuma mtu. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, miguu imegoma, hatoki tena nje. Aliniagizia kwamba kama nimekuwa mkubwa mno wa kuvuka mtaro, basi atabebwa yeye aje kwangu. Nikaenda. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Dada, nilipoingia tu alinyoosha mikono yote miwili, akanivuta, akanibusu paji la uso huku analia kwa furaha. Akasema Naseem amemsimulia yote: jinsi nilivyomwona langoni, nikasimamisha hotuba, nikamwita jukwaani mbele ya wakubwa na kuwaambia watu kwamba huyu ndiye dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Akasema, "Nilijua! Niliwaambia, mwanangu hata wakimpa kiti cha dhahabu hatanikana."

Naseem alikuwa kwenye fremu yake ya tarizi, anachoma sindano, hakuinua uso.

Nilifungua mdomo niseme. Nakuapia nilifungua. Lakini Mama Khairun tayari alikuwa ameushika mkono wangu, anaupapasa kutafuta uzi. Akaupata. Akauzungusha kwa vidole, akakutana na shanga, akashangaa, akasema, "Naseem, mwaka huu umetia na shanga?" Sindano ikasimama. Nikasema mimi, "Ndiyo, Mama. Ni huu huu." Akaubusu. Uzi wako, Dada, uliousuka wewe huko Nagpur, aliubusu akidhani ni wa binti yake, na mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Kisha majirani wakaanza kuingia, maana alikuwa ametangaza kwamba diwani wake yupo. Bashir fundi wa rangi, ambaye siku ile alikuwa kwenye uzio nimemwona kwa macho yangu, alikaa mkabala nami. Mama Khairun akamwambia hebu tusimulie tena, Bashir, wewe si ulikuwepo? Bashir akanitazama usoni, hakupepesa. Akasema, "Nilikuwepo, Mama. Alishuka jukwaani mwenyewe, akamshika mkono." Mke wake akaongeza kwamba sauti ilisikika mpaka sokoni. Mwingine akasema watu walilia. Kila aliyeingia aliongeza kidogo, taratibu, kwa heshima, na kila aliyemaliza alinitazama. Hakuna aliyenikosea adabu. Nilikunywa chai, nikala tambi, nikaitikia kwa kichwa.

Sasa nikuambie lile ambalo hata Pramila hajui. Pale katikati, wakati wananisifu kwa jambo nisilolifanya, sikuona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Pale nilifarijika. Niliwaza, afadhali, limekwisha, hakuna atakayelisema. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mama aliyeniokoa, nafurahi kwamba watu ni wema kiasi cha kunifichia. Ndivyo nilivyo, Dada. Nimejiona, na sijui nifanye nini na mtu huyo.

Naseem alinisindikiza mlangoni. Nikamwambia anisamehe. Aliongea kwa upole, bila hasira, nami ningependa angenipiga kofi. Akasema, "Nimemdanganya mama kwa ajili yake, Mheshimiwa, si kwa ajili yako." Mheshimiwa! Mtu tuliyegombania naye ziwa moja! Akasema daktari amewaambia mama hana muda mrefu. Akasema siku atakapoondoka wataniletea habari ofisini, kama diwani. Kwamba nitakuja, nitakaa kwenye viti na wageni. Nikamwambia mimi ni mwanawe, jeneza nitalibeba begani. Akauliza, "Na wakikuuliza unamfahamu?" Kisha akafunga mlango, polepole, ili mama asisikie.

Sikuandikii ili umwombe Naseem. Usimwandikie, tafadhali. Wala usinitetee kwa shemeji. Kesho kamati inakutana, na Omkar ananitaka nihutubie tena, juu ya udugu. Nimeandika barua ya kujiuzulu uenyekiti na nimeichana, nimeandika nyingine. Ipo mezani. Natamani nikuambie nimeipeleka, lakini uongo na wewe pia siuwezi tena.

Nisalimie shemeji sana, na watoto wote kwa majina yao. Pramila anakusalimu. Ishaan anauliza lini utakuja na yale machungwa ya Nagpur. Mama Khairun naye anakusalimu kwa mapenzi makubwa. Ameniagiza nikuandikie kwamba ule mzigo uliomletea na kumpokeza mlangoni hakuulea bure, kwamba mdogo wako amekuwa mtu, na mji mzima ni shahidi. Nimekufikishia maneno yake kama alivyoyasema.

Ni mimi mdogo wako,
Girdhar