Swali la Fundi wa Ndege ya Mizigo

Shangazi Mwanahawa, shikamoo.

Tabora jua kali, lakini asali yake usiseme. Mzee anayeniuzia hapa Isevya aliposikia natoka Mafia aliacha kumimina. Zamani alikuwa fundi wa ndege kuukuu ya mizigo iliyotuletea unga na dawa kisiwani. Siku moja walishusha magunia ya nazi ili apate pa kulala mama mmoja wa Jibondo aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Walimfikisha Dar akiwa hajitambui.

"Alipona?" akaniuliza taratibu.

Nilimwahidi nitamuulizia. Niulizie kwa wazee wa Jibondo, shangazi. Anasema hata kama habari ni mbaya, anataka kuijua.

Nimekukumbuka sana. Mungu akutunze.

Mwanao, Salma