Meza ya Samaki ya Chumvi

Jumanne.

Wote wanaongea hii stori vibaya. Meza yangu haikuanguka.

Njeri, binti yangu, alitaka meza ya kubeba tangi ya kioo. Bwana yake amenunua samaki ya maji ya chumvi, ya kuangalia tu. Nikajenga na mbao nzito ya saiprasi. Hata kiboko ingelala hapo juu.

Leo wamejaza maji, meza ikainama kidogo. Ni sakafu ya simiti ya nyumba yao imelala upande, si mimi. Nikasema tusukume kipande kidogo cha mbao chini ya mguu wa meza. Bwana yake akacheka: "Hii pelekea kuku." Ameleta ya chuma. Yangu iko nje, imebeba masufuria.

Lakini kwa mlango Njeri aliniambia, "Asante, baba."

Hapana, hiyo nimeongeza. Alisema, "Asante, fundi."