Nyayo Zimefika Kwenye Kwaya

Alhamisi, jioni. Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Nimefungua madirisha yote ya chumba changu hiki cha mtaa wa Rusimbi na bado napumua kwa shida. Najua si joto.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mkutubi wa chuo, mtu wa Njombe niliyepangiwa kazi Kigoma. Mara moja kwa wiki nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta taarifa na kuipima kabla ya kuiamini. Nani kasema? Kajuaje? Nafundisha kwa mbwembwe, nakiri.

Zoezi ninalojivunia kuliko yote nimelipa jina la nyayo. Darasa linachagua ujumbe mmoja unaozunguka kwenye simu za watu, kisha wanaufuata kinyumenyume, mtu kwa mtu, mpaka kwa yule aliyeuingiza hapa mjini. Kanuni ni moja: hakuna kuishia njiani kwa kumwonea mtu haya. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe.

Safari hii wamechagua ujumbe wa dagaa.

Ni ule unaosema dagaa wa Ilagala, kijiji cha kando ya ziwa, wanapuliziwa dawa ya wadudu ili nzi wasitue, wenye picha ya mtu aliyebeba bomba mgongoni. Siku ya kwanza tu wanafunzi waligundua kwamba picha ni ya zamani na wala si ya ziwa letu. Uongo mtupu. Niliwapigia makofi, ilhali ujumbe ule niliuingiza mimi.

Nilitumiwa na mtu niliyesoma naye, yuko mkoa mwingine, akiniuliza kama ni kweli. Ilikuwa Jumapili, natoka kanisani. Ulikuwa umeandikwa ovyo ovyo, na hapo ndipo ukutubi wangu uliponiponza: badala ya kuuhakiki, niliusafisha. Nikanyoosha sentensi, nikaupangia aya, nikauwekea kichwa cha habari, nikaubandika kwenye grupu la kwaya. Ukawa na sura ya tangazo la serikali. Dakika tano za kuichunguza ile picha sikuzipata, ila za kupanga aya nilizipata.

Leo Revocatus, anayeongoza kundi la zoezi hili, kaniletea karatasi yao akiwa amejaa furaha.

"Madam, tumefika kwenye grupu la kwaya yenu. Shangazi yangu anaimba huko, kesho asubuhi ananipa jina. Imebaki hatua moja tu."

Nimemwambia vizuri sana. Ningesema nini kingine? Nikiwaambia waache, nimevunja kanuni yangu mbele yao. Nikinyamaza, kesho nitasimama kando ya ubao nikisubiri jina langu lisomwe. Nimejaribu kuufuta ule ujumbe, simu imekataa, muda wake umepita. Nimefikiria hata kujifanya mgonjwa.

Aibu ya darasani ningeibeba. Mama Zaituni ndiye anayeninyima usingizi.

Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta tu, na anauza dagaa wa Ilagala. Nilipofika hapa simjui mtu, yeye ndiye aliyenipokea. Akanifundisha kuwaosha dagaa mpaka mchanga uishe, na tangu hapo kila wiki ananiletea bakuli. Siku hizi wateja wanapita mbele ya meza yake wakitazama pembeni. Hajaenda Ilagala kuchukua mzigo mpya kwa sababu wa zamani bado umemlalia.

Jana kaja na bakuli kama kawaida. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kizingitini.

"Mwanangu, hao walioandika mimi siwajui, na simu yangu hii ya kitochi haioni hayo mambo. Wewe ndo kazi yako kutafuta. Nitafutie huyo mtu. Sitamgombeza, nataka nimuulize tu nilimkosea nini."

Nikamwambia nitatafuta.

Nitatafuta! Mimi huyu huyu.

Dagaa wake nimewakaanga, nikashindwa kuwala. Na bakuli lake sijawahi kulirudisha tupu hata siku moja. Nikikosa kabisa, naweka ndizi mbili. Leo nimezunguka jikoni nikitafuta cha kuweka. Sukari ipo, unga upo. Lakini kila nilichoshika nimekiona kama cha kumziba mdomo, nikakirudisha mahali pake.

Basi nimechukua karatasi ya Revocatus, nikaijaza hatua ya mwisho kwa mkono wangu, jina langu na la ukoo. Hiyo ni ya darasani kesho.

Bakuli nimeliosha. Namsikia upande wa pili wa ukuta anapepeta mchele. Naenda sasa hivi, kabla sijaanza tena kujihurumia, nikiwa na bakuli tupu, kumwambia kwamba mtu wake nimempata.