Mwanamke Aliyeshika Kiuno

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na jirani amerudisha ngazi yetu. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo kwa sababu utakazozisoma hapa chini. Usianze kulia kabla hujafika mwisho.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii ya kuchora ndege kutwa nzima. Si ndege tu, Mama. Watu wa kale waliandika kwa picha kwenye mawe: bundi, jicho, mguu, mtu aliyepiga magoti. Sisi tunazichora upya alama hizo na kuipa kila moja namba yake, ili kompyuta yoyote iweze kuziandika. Mkuu wetu tunamwita Mzee Namba, maana sheria yake ni moja: alama ikishapewa namba haifutwi milele.

Mwezi uliopita nilikuwa najaribu kalamu mpya ya kompyuta, nikachora mwanamke kashika kiuno, mwiko mkononi. Nikasahau kumfuta. Orodha ikaenda kukaguliwa na maprofesa, naye yumo.

Nilidhani watamtoa mbio. Wapi! Mmoja akasema ni mungu wa kike wa adhabu. Mwingine akabisha kwamba ni malkia anayekataa posa, akaandika kurasa sita. Wakaacha hata kusalimiana. Namba zilikuwa zitolewe Alhamisi. Nikisema ukweli, kazi imeota mbawa. Nikinyamaza, upuuzi wangu utasomwa na vitukuu.

Alhamisi asubuhi uzalendo ukanishinda. Nikaingia kwa Mzee Namba nikamwaga yote. Alivua miwani, akaniuliza huyo mwanamke ni nani hasa. Nisamehe, Mama: ni wewe, siku ile niliporudi kutoka shule na kiatu kimoja. Nilikuwa nimekukumbuka mno, mkono ukaenda wenyewe.

Alicheka hadi akakohoa, kisha akakufuta. Kazi bado ninayo, ila likizo yangu yote nitalinganisha upya alama mia saba na picha za mawe, moja moja. Najua ulishatandika kitanda, na inaniuma.

Profesa wa kurasa sita hakubali. Anasema mimi ndiye nisiyejua nilichochora, na ameomba anwani yako aje akuone kwa macho yake. Nimempa. Basi mwezi huu atakuja yeye badala yangu. Mpe chumba changu, na umvumilie; ni mtu mzima, hajazoea kukosolewa.

Msalimie Baba, ila barua hii msomee nusu tu.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba