Papa Amekosea Matanga

Fortunée na Benie,

Mboga ya pondu imo katika sufuria ndogo, ipasheni moto. Madaftari ya wanafunzi wangu yabaki kitandani jinsi nilivyoyapanga.

Asubuhi Papa alikwenda peke yake kwenye matanga ya Tonton Sébastien, rafiki yake tangu utoto wao kule Yanonge. Mnajua macho hayamsaidii tena. Aliona hema na watu wanaolia, akashuka kwenye baiskeli ya toleka, akatoa mchango wake, yaani pesa zote za miwani mipya, kisha akasimama kumsifu marehemu: mvuvi hodari, mwanamume asiyeogopa maji. Alilia sana. Watu wakamwacha amalize, ndipo mama mmoja akamshika mkono.

“Papa, marehemu wetu iko mama muzee. Alikuwa anauzisha ndizi.”

“Bon,” Papa akajibu, “hata yeye Mungu amupokee.”

Hakudai pesa zake. Matanga ya Tonton yalikuwa barabara ya pili, na alipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

~~Mkitaka kucheka, chekeni kabla hatujarudi.~~ Msicheke kabisa. Mimi nilicheka aliponisimulia, naye akainama kuvaa viatu vyake tena, nami nikaona haya.

Sasa ninamsindikiza makaburini. Fungeni mlango wa nyuma, mbuzi wa jirani asiingie. Tutachelewa: ameniomba nimsomee jina lililo kwenye msalaba, herufi kwa herufi, kabla hajaanza kusema.

Mama