Waimbe Hata Waliotufukuza

Mpendwa kaka Mutinda,

Uliponipigia simu kutoka Machakos ukasema bendi yetu imejiuza, nilikata simu.  Leo nina jibu, na ninaliandika wazi ili hata wenzako wanaosema kama wewe walisome.

Wewe ndiye uliyenipeleka kuwasikia mara ya kwanza, kwenye ile karakana ya seremala pale Makina, Kibera. Tulikalia mbao, maranda yakitushika nguo, na Akinyi, mwimbaji wao, akaimba bila maiki kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Wasikilizaji tulikuwa wachache, wote tunajuana. Tukirudi nyumbani Raila Village uliniambia, "Mwende, usiambie watu. Hii bendi wakiijua wengi, imeisha." Nikanyamaza, tena kwa maringo.

Kisha uchaguzi ukaja na mabaya yake. Majirani tuliokuwa tukiombana chumvi walitugongea mlango, wakasema sisi watu wa Ukambani tuhame. Akinyi alitoka kwao Kisumu Ndogo, mtaa wa pili, akatubebea godoro mpaka barabarani, watu wa kwao wakimtukana njia nzima. Wewe ukaenda kwa mama Machakos, mimi nikajibanza kwa shangazi hapa Kawangware.

Ni hapa redio ilipoanza kupiga wimbo wao, asubuhi, mchana, jioni. Hata mimi mwanzoni uliniudhi, kusikia kila kinyozi akiufuatisha kwa mluzi.

Jirani ya shangazi kuna mama mboga, Mama Njeri. Alijua nimetoka Kibera, kwa mahasimu wao wa uchaguzi, basi alikuwa akiniuzia bila kunitazama. Siku moja nilimkuta anakata sukuma huku anaimba na redio: "Mvua ni yetu, bahati yetu moja." Wewe na mimi tunajua Akinyi anaimba "bati letu moja". Ungemsahihisha. Mimi nilimwambia jambo lingine.

"Huyo anayeimba ni rafiki yangu. Anaitwa Akinyi."

Kisu kikasimama. Siku zile, jina la Kijaluo kama hilo mtaani huku lilitosha kukuletea vijana mlangoni.

"Akinyi wa wapi?"

"Wa Kisumu Ndogo. Ndiye alinibebea godoro tukifukuzwa."

Alinitazama, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akafuta mkono kwenye leso, akaongeza sauti ya redio, akarudi kukata. Nikaimba naye "bahati yetu moja", na makosa yake hivyo hivyo.

Ulisema kwenye simu, "Sasa hata waliotufukuza wanauimba." Ndiyo, kaka. Waimbe. Waimbe mpaka sauti ziwakauke. Nyumba yetu waliichukua kwa nguvu, lakini wimbo walipewa, na aliyewapa ana haki ya kutoa. Ulitaka Akinyi azeekee kwenye maranda akituimbia sisi tu, ili tupate la kujivunia? Niambie ukweli: uliupenda wimbo, au ulipenda kuwa wa kwanza kuupenda?

Jumapili bendi inapiga hapa Kawangware, uwanjani. Mama Njeri amesema atafunga kibanda mapema, twende pamoja. Njoo, kaka, nimekukumbuka. Lakini ukifika, simama nyuma kama watu wengine, na usimwambie mtu ulianza kuwasikiliza lini.

Ni mimi dada yako, nisiyeona haya,
Mwende